Mratibu wa Matukio na Fursa

Cheo changu cha kwanza maishani nilikipata kwa sababu ya mdomo wangu. Tulikuwa kwenye kikao cha watumishi, katika chuo kidogo kilichoko juu kule Kamachumu, ambako nilikuwa nafundisha stadi za mawasiliano. Mkuu wa chuo alikuwa amekasirika. Kulikuwa na maonyesho ya wakulima Muleba mjini, wanafunzi wetu wakaalikwa kupeleka miche yao ya migomba na mboji waliyotengeneza wenyewe, na mwaliko huo ulikaa kwenye droo ya mtu mpaka maonyesho yakaisha.

"Tatizo letu hapa ni nini hasa?" Mkuu akauliza.

Wenzangu wenye akili zao wakatazama meza. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mkuu, hili ni suala dogo tu la mawasiliano."

"Dogo?"

"Dogo sana."

"Basi ni lako," akasema, na kabla sijashusha mkono alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake.

Barua ilikuja wiki ileile: Mratibu wa Matukio na Fursa kwa Wanafunzi na Watumishi. Haikuja na posho, wala ofisi, wala hata kiti. Lakini ilikuwa na mhuri. Nikaipeleka nyumbani nikaiweka katikati ya meza ya chakula, mahali ambapo mke wangu asingeweza kuweka sahani bila kuisoma. Akaisoma mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa unabandika matangazo," akasema.

Nikamweleza kwamba kuratibu na kubandika ni kazi mbili tofauti kabisa. Akasema sawa waitu, kwa ile heshima yetu ya Kihaya, lakini niondoe hiyo barua, ndizi zake za ebitoke zinapoa.

Nilibandika matangazo. Kila Ijumaa nilitoa karatasi moja iliyoandikwa juu MATUKIO NA FURSA, na chini kabisa, kwa herufi ambazo ungeweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, "Imeandaliwa na" ikifuatiwa na jina langu lote, pamoja na la babu. Nilibandika nakala tatu: mlango wa jikoni, ukuta wa ofisi na ubao wa maktaba. Kisha nikapiga picha na kuirusha kwenye grupu la watumishi na la wanafunzi. Kulikuwa na mambo ya kila aina: bonanza la mpira na vijana wa Ngenge, mashindano ya insha, siku ya kuchangia damu, misa ya kufungua muhula, kwaya ya Walutheri inayotafuta sauti ya nne, nafasi za kujitolea, mafunzo ya wiki moja ya hiki na kile.

Sitasema nilikuwa mzuri kazini. Wiki ya tatu nilitangaza semina ya ufugaji wa nyuki, ila vidole vyangu vikaongeza herufi moja ikawa "ufungaji wa nyuki". Wanafunzi wawili walinifuata hadi darasani kuuliza, kwa nyuso zisizo na hata chembe ya kicheko, kama waje na kamba zao au chuo kitatoa. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu. Baadaye mtu akaandika chini yake, kwa mwandiko nisioutambua hadi leo: "Na mizinga tuitie pingu?"

Hata hivyo nilijiona mtu wa maana. Nikaanza kutembea polepole. Mtu akinisalimia njiani nilikuwa nasimama, nikidhani anataka kuuliza fursa.

Kisha ikaja barua pepe kutoka Uswidi.

Taasisi moja ya huko ilikuwa inatoa mafunzo ya miezi mitatu kuhusu namna ya kuwafikishia elimu watu wazima walio nje ya madarasa. Kwa mkoa wetu wote wa Kagera ilikuwapo nafasi moja. Nauli ya ndege, malazi, chakula, vyote juu yao. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Katika maisha yangu nilikuwa nimeziona ndege nyingi zikitua Bukoba, zote nikiwa nje ya uzio. Nilipofika mstari wa mwisho tayari nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atanishikia vipindi.

Kulikuwa na sharti moja la kuudhi. Nafasi iko wazi kwa watumishi wote wa chuo, walimu na wasio walimu, na kila mwombaji aambatanishe nakala ya tangazo lililobandikwa chuoni, kuthibitisha kwamba habari iliwafikia wote.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningependa kulisimulia kwa namna ya kunipendeza, lakini nimejaribu na halikubali.

Wiki hiyo jikoni walikuwa wamepoteza sufuria kubwa la kupikia maharage, na mpishi alikuwa ameomba tuwatangazie wanafunzi wanaoliazima bila kusema. Sufuria hilo nikalitengea robo ya ukurasa. Nikaweka na picha. Nikafuatisha na bonanza, insha na kwaya. Kisha pale chini, baada ya kichwa kisemacho "Taarifa nyinginezo", nikaiweka Uswidi katika mistari miwili ya herufi ndogo kuliko zote ambazo kompyuta ya chuo ilikubali kuziandika. Nilipochapa, hata mashine ilisitasita, wino ukatoka hafifu, nami sikurudia. Kwenye grupu sikurusha picha. Nilijiambia kwamba bando limekaribia kuisha. Nilijiambia pia kwamba watu wana majukumu mengi, kwamba wengi hawapendi baridi, na kwamba kumsumbua mtu na jambo asilolihitaji si mawasiliano mazuri. Haya yote niliyaamini kwa muda wa kama dakika kumi, zikanitosha kubandika.

Nyumbani nilianza kuoga maji ya baridi. Kamachumu asubuhi ukungu unaingia hadi chumbani, na maji ya pipa yanauma kama msumari. Mke wangu alinisikia nikipiga kelele huko bafuni siku ya tatu mfululizo.

"Unafanya nini?"

"Najiandaa na Uswidi."

"Kwani huko watu wanaoga maji ya baridi?" akauliza. "Kama wao ni matajiri kiasi cha kukulipia ndege, watashindwa kuchemsha maji?"

Nikaendelea siku mbili zaidi kwa ajili ya heshima, nikaacha.

Sasa nimzungumzie mama aliyekuwa akitunza maktaba yetu. Chuo kizima tulimwita Mama Maktaba. Alikuwa mjane wa umri wa kunizidi miaka kumi hivi, Mlutheri, mtu wa Ngenge, aliyeanza kama mfagizi na akaishia kukabidhiwa funguo kwa sababu yeye peke yake alijua kila kitabu kiko wapi. Hakuwa na cheti cha ukutubi. Alikuwa na miwani yenye kamba na sauti ya chini ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kengele.

Alinijia Jumatano, mchana, na faili mkononi. Ndani ya faili kulikuwa na matangazo yangu yote tangu la kwanza, yamepangwa kwa tarehe. Nyuki nao walikuwemo. Akatoa la wiki ile, akaweka kidole chini kabisa.

"Mwalimu, hapa pameandikwa 'watumishi wote'. Mimi nimo?"

Nilimwangalia. Sikuona hatari yoyote. Na nikiri, nilifurahi: mwombaji wa pili angefanya mambo yaonekane safi, na mwombaji huyu nilimwona kama mtu wa kujaza kiti tu.

"Umo kabisa, Mama," nikasema. "Omba. Hata mimi nimeomba. Lete barua yako nitakusaidia kuipitia."

Akaileta kesho yake, imeandikwa kwa mkono. Karibu na lango la chuo kuna mashine ya kusaga, na siku za gulio wanawake huja na mahindi na mihogo yao hata kutoka mbali, wanapanga foleni asubuhi nzima. Mama Maktaba aliandika kwamba aliwaona wamekaa juani muda mrefu, akawakaribisha kwenye baraza ya maktaba. Mmoja alikuwa na karatasi ya hospitali asiyoielewa, akamsomea. Mwingine akaja na paketi ya dawa ya kahawa. Kisha barua za watoto, kisha karatasi ya mgogoro wa kibanja. Siku hizi walikuwa wanafika ishirini, na wanane kati yao walikuwa wameanza kusoma wenyewe, herufi kwa herufi, kwa kutumia maandishi ya mifuko ya mbolea. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita kwenye baraza ile mara nyingi nikiwaona wale kina mama, nikidhani wanasubiri mvua ipite.

"Barua nzuri," nikamwambia, kwa ile sauti ninayoitumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Ila hizi habari za mashine na mifuko ya mbolea, ziondoe. Weka maneno yenye uzito. Weka 'kujengeana uwezo'. Weka 'mikakati shirikishi'."

"Inamaanisha nini, Mwalimu, mikakati shirikishi?"

Nikamweleza kwa dakika tano. Akanishukuru. Akachukua masahihisho yangu ya nukta na mkato, mikakati akaniachia.

Mimi barua yangu ilikuwa na mikakati saba.

Wiki chache baadaye simu yangu ikalia kengele ya barua pepe nikiwa darasani. Majina mawili kutoka chuo chetu yalikuwa yameitwa kwenye usaili, Bukoba mjini, katika ofisi moja ya ghorofa jirani na soko. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, Alhamisi, 9:00. Furaha ikanipanda. Nikaona huu ni wakati wa kuanza tena kurusha picha ya tangazo kwenye grupu. Ijumaa hiyo Matukio na Fursa ilifunguliwa na habari yenye fremu: Mratibu wetu kwenye usaili wa kimataifa, Alhamisi, saa tisa, tumwombee. Mama Maktaba nilimtaja pia, ndani ya mabano.

Saa tisa. Kila muhula, kipindi cha pili, nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu tofauti ya saa za Kiingereza na saa zetu. Nilikuwa na mchoro wa ubaoni kwa ajili hiyo, wa saa mbili za mviringo zikitazamana. Nilikuwa nawapa na mfano wa mtu aliyekosa ndege.

Alhamisi asubuhi niliamka bila haraka. Nilikunywa chai. Nilifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kabati. Kisha nikateremka hadi senta, nikakaa kwenye kiti cha kinyozi, nikamwagiza anitengeneze kichwa cha mtu anayesafiri. Alikuwa amemaliza upande wa kulia simu ilipolia. Ilikuwa imeshapita saa tatu na nusu.

"Mwalimu, salamu tutapeana baadaye," Mama Maktaba akasema, kwa kunong'ona. "Uko upande gani wa jengo?"

"Jengo gani, Mama?"

"La usaili. Mimi nimeshatoka ndani. Sasa wanaita jina lako."

Nilimwambia usaili ni saa tisa.

"Si ni tisa ya Kizungu, Mwalimu? Mimi niliwapigia kuuliza njia, wakaniambia saa tatu. Pale kwenye tangazo nilijua umeandika Kizungu. Wewe huwa unachanganya."

Sikumbuki kumlipa kinyozi, ingawa baadaye alinithibitishia kwamba sikumlipa. Nakumbuka nikikimbia na kitambaa chake shingoni, nikimwita dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenzangu niliyesali naye parokia moja, aliyeniangalia kichwani na kusema, "Mwalimu, umepigwa?"

"Bukoba. Haraka."

"Bukoba kwa pikipiki?"

"Kwa chochote!"

Tukateremka ule mlima kuelekea Muhutwe. Yeyote anayeijua ile barabara anajua kwamba ukiwa na haraka ndipo inapoongeza kona. Tulipofika lami mvua ikatupokea. Mvua ya Bukoba haina utangulizi. Unapishana na mtu mkavu, na hatua mbili mbele wewe umelowa. Hotuba yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nilihisi ikigeuka uji. Dereva, kwa wema wake, aliimba nyimbo za Bikira Maria njia nzima.

Nilipanda zile ngazi saa tano na dakika kadhaa. Mama Maktaba alikuwa kwenye benchi la nje, gauni lake la kitenge limenyooka kama limetoka kwenye pasi sasa hivi, bahasha yake ya vyeti juu ya mapaja. Alikuwa amewaomba waniweke wa mwisho. Watu wanne kutoka wilaya nyingine walikuwa wameshapita.

"Nimewaambia una dharura," akasema, huku akinifuta tope begani kwa kitambaa chake.

"Umewaambia dharura gani?"

"Dharura tu. Zaidi ya hapo ningekuwa nadanganya." Kisha akaona kichwa changu. "Kaa upande, Mwalimu. Wakuone huu wa kulia."

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye uso wa upole. Kulia kwake mzee mmoja wa Kihaya, mwalimu mstaafu, koti limefungwa vifungo vyote. Kushoto dada wa Kiswidi aliyezungumza Kiswahili kwa uangalifu kiasi kwamba cha kwangu kilionekana cha mtaani. Niliketi kiubavu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho cha zamani. Nilijiandaa na maswali ya mikakati. Nilikuwa nayo yote kichwani, hasa upande wa kushoto.

Mwenyekiti akaniuliza swali la kwanza.

"Wewe ndiye mratibu wa matangazo chuoni kwenu. Tueleze, habari ya nafasi hii iliwafikiaje wenzako?"

Nikasema iliwafikia kwa njia ya tangazo shirikishi. Akatoa nakala kwenye faili. Ilikuwa nakala ya Mama Maktaba, safi, haijakunjwa. Mzee akaomba aione. Akaitazama. Akavua miwani, akatoa nyingine mfukoni, akavaa. Akainuka, akaenda nayo dirishani.

"Waitu, Mwalimu," akasema kutoka kule, "hapa chini pameandikwaje?"

Nikamfuata. Nikainama. Ninaapa kwamba mimi mwenyewe, niliyeyaandika, sikuweza kuyasoma. Nikasema kwa kukumbuka tu: "Nafasi ya mafunzo. Uswidi."

"Mbona ndogo hivi?"

"Nafasi ya karatasi ilikuwa finyu, mzee."

Akapandisha kidole taratibu hadi juu ya ukurasa. "Lakini hili sufuria limekaa vizuri."

Dada wa Kiswidi akauliza kama lilipatikana. Nikajibu kwamba lilipatikana, lilikuwa bweni la wavulana. Nikasikia sauti yangu ikieleza habari za sufuria mbele ya watu waliosafiri kuja kunisikiliza kuhusu elimu ya watu wazima, maji yananitiririka kutoka kwenye suruali hadi kwenye zulia lao, na nusu ya kichwa changu ikiwa na nywele. Kitu fulani kikaniishia. Sina hakika ni aibu au ni uchovu wa pikipiki.

"Niliogopa wangeomba," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaandika mstari mmoja, akaniuliza kama nina jambo la kuongeza. Nilikuwa na mikakati saba. Nikasema sina.

Mvua ilipopungua tukaenda na Mama Maktaba kula mgahawa mmoja wa karibu na soko, samaki na ndizi za kupika. Yeye alikula vizuri. Mimi niligeuza samaki wangu pande zote mbili kama namtafutia pa kutokea.

"Wamekuuliza nini?" akasema.

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, nilianza na swali la mwenyekiti, nikajikuta nimefika kwenye lile bando ambalo wala halikuwa limekaribia kuisha. Nikangoja akasirike.

"Nilijua," akasema, akachomoa mwiba.

"Ulijua nini?"

"Mwalimu, mimi nimekaa maktaba miaka mingapi? Mwanafunzi akitaka kitabu kizuri asikichukue mwingine, hakiibi. Anakiweka nyuma ya zile ensaiklopidia kubwa za juu, ambazo hakuna anayezigusa. Kila mtihani ukikaribia naanzia huko kutafuta. Matangazo yako mimi huwa naanza kuyasoma kutoka chini."

Nilinywa maji. "Na barua yako," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kujivua basi nimalize, "nilikusaidia nikiamini huwezi kupata."

"Hilo nalo nilijua." Akanitazama juu ya miwani. "Lakini mkato uliniwekea vizuri. Asante."

"Sasa kwa nini uliwaomba wanisubiri?"

Akafikiri, kama vile hajawahi kujiuliza. "Ulikuwa umeshatangaza watu wakuombee," akasema. "Ningerudije kule juu niwaambie hukufika?"

Kabla ya kupanda gari tulitafuta kinyozi, akasimama mlangoni kuhakikisha upande wa pili unafanana na wa kwanza.

Matokeo yalikuja kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mratibu. Nilisoma jina lake mara moja tu. Nikafunga kompyuta, nikaenda chooni nikakaa kwa muda usioelezeka. Niliporudi nilikwenda maktaba. Alikuwa juu ya ngazi, anapanga vitabu.

"Shuka, Mama."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza. Sitaki uanguke, watanisingizia."

Aliposoma aliketi kwenye ngazi ya mwisho, akavua miwani, akalia kwa utulivu, kama anavyofanya mambo yake yote. Kisha akauliza nani atawasomea wanawake wa mashine.

Nilijitolea. Mdomo wangu huo tena.

Ijumaa ile karatasi nzima ilikuwa yake, mbele na nyuma, na niliirusha kwenye magrupu yote, hata la jumuiya yetu ya Kikatoliki ambako haikuhusika. Mke wangu aliipokea akiwa jikoni. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza. "Tisa ya Kizungu," alikuwa anasema, akifuta machozi, "tisa ya Kizungu!" Siku nyingi zilipita kabla hajaacha kuniuliza saa.

Siku ya gulio ya kwanza nilikwenda barazani na kitabu cha kiada na chaki mpya. Walikuwa kumi na tisa. Nikaanza na umuhimu wa mawasiliano. Bibi mmoja wa Ngenge, mwenye mzigo wa mihogo kati ya miguu, aliinua mkono baada ya muda mfupi.

"Baba, wewe unasoma au unahubiri?"

"Ninatoa utangulizi, Bibi."

"Mama Maktaba hana hiyo. Yeye anasoma tu, polepole, na kidole." Akanipa karatasi yake ya kliniki. "Na sema kwa Kihaya ukifika penye ugumu."

Nikasoma. Polepole, na kidole. Kwenye neno la tatu nikagundua kwamba mimi mwenyewe silijui, nikalazimika kusema hivyo, na hapo ndipo walipoanza kunipenda kidogo. Tulimpigia muuguzi mmoja akatueleza. Wiki ya nne nilikuwa naijua mifuko yote ya mbolea inayouzwa Muleba. Wiki ya sita mama mmoja kijana, aliyekuwa mmoja wa wale wanane, alisimama mbele ya ubao wa matangazo akaanza kusoma kwa sauti, akikwama na kuendelea, hadi mwisho: mafunzo ya ushonaji, mwezi mmoja, kwa yeyote anayejua kusoma na kuandika. Akageuka.

"Mwalimu, hili ni la wanafunzi wa humu ndani?"

"La yeyote."

"Hata sisi wa foleni?"

Nikamsaidia kujaza fomu. Sikumwambia aweke mikakati. Alipata, na alipomaliza akafungua cherehani pale senta, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi wangu.

Mama Maktaba alirudi miezi mitatu ilipotimia. Mkuu wa chuo alitoa gari, tukaenda kumpokea Bukoba, safari hii nikiwa na ruhusa ya kuingia ndani ya jengo la uwanja wa ndege. Alitoka akiwa amenenepa kidogo, amevaa viatu vinene, anavuta sanduku ambalo baadaye tulikuta limejaa vitabu vya picha. Alimsalimia Mkuu, akanipa mkono.

"Habari za huko, Mama?"

"Baridi, Mwalimu. Lakini maji wanachemsha." Nadhani mke wangu alikuwa amempigia simu kabla. "Wanawake wangu hawajambo?"

"Hawajambo. Wanasema nasoma haraka mno."

"Unasoma haraka, kweli," akasema, akanipa lile sanduku nilibebe.